Kompyuta ya sanduku la muziki: tazama umeme na sauti kabla ya kasi

Ndugu, umeeleza kwamba unataka kuligeuza kabati la redio ya marehemu babu yako liwe sanduku la muziki kwa ajili ya grosari ya familia pale Tandika, mteja awe anachagua wimbo kwenye kioo cha kugusa, na kwamba umekwama kati ya Raspberry Pi 4, Raspberry Pi 5 (kompyuta za bodi moja ndogo, nitaziita Pi tu) na kompyuta ndogo za ofisini zilizokwishatumika. Nimetengeneza masanduku mawili ya aina hiyo hapa Dar es Salaam, na ushauri wangu ni kwamba kasi isikusumbue, kwa kuwa kupiga muziki ni kazi nyepesi kwa kompyuta yoyote kati ya hizo. Angalia itavumiliaje umeme unaokatika, na sauti inatoka vipi.

Sanduku langu la kwanza lilitumia Raspberry Pi 3, mfumo na nyimbo vikiwa pamoja kwenye kadi moja ya memori. Nililiwasha kwa chaja ya simu, na mara kwa mara alama ndogo ya radi ilijitokeza kwenye pembe ya kioo. Alama hiyo hutokea volti zinaposhuka chini ya 4.63 ilhali kifaa kinahitaji 5, lakini niliipuuza. Jioni moja umeme ulikatika nikiwa nanakili nyimbo, na uliporudi kioo kilibaki cheusi, chenye mistari ya maandishi meupe iliyoeleza kwamba faili hazisomeki. Humo mlikuwa na taarabu nilizozihamisha kutoka kwenye kaseti za mama yangu, moja baada ya nyingine, na kaseti nyingine zilikuwa zimeshakwisha utepe. Kwa hiyo nakuomba sana: ukichagua Pi, nunua adapta yake halisi (Pi 4 huhitaji ampea 3, na Pi 5 hufanya kazi vizuri zaidi kwa ampea 5), weka nyimbo kwenye diski ya pembeni, uwe na nakala nyumbani, kisha uufunge mfumo ili kadi iwe ya kusomwa tu.

Kuhusu sauti, Pi 4 ina tundu la spika, lakini ukiiunganisha na amplifaya kubwa utasikia mchakacho hafifu kati ya wimbo na wimbo. Pi 5 haina tundu hilo kabisa. Kwa hiyo ukichagua Pi yoyote utahitaji kadi ya sauti ya USB, basi iingize kwenye hesabu yako tangu sasa.

Sanduku la pili nimelijenga kwa HP t620 iliyotumika, mojawapo ya hizo kompyuta ndogo za ofisini, niliyoipata Kariakoo, na hiyo ndiyo ningekushauri uichukue. Haina feni, hivyo hainyonyi vumbi la barabarani, hutumia SSD (diski ya ndani isiyo na sehemu zinazozunguka) badala ya kadi, na tundu lake la sauti limenitosha. Nimeweka mfumo endeshi wa Linux pamoja na programu ya kupiga muziki ya Music Player Daemon, ambayo hupokea maagizo kutoka kwenye kioo na hata kwenye simu ya mwenye duka. SSD ya GB 128 inatosha: wimbo wa dansi wa dakika 8 katika MP3 ya kiwango cha juu huchukua takriban MB 19, kwa hiyo nyimbo 2,000 hazifiki GB 40.

Udhaifu wake ni kwamba adapta yake ni ya volti 19 na ushee, na kama grosari inategemea betri ya sola ya volti 12, Pi itakuwa rahisi zaidi kuilisha.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe, uchomeke spika za masikioni usikilize, na uangalie ukubwa wa SSD, kwani nyingine huja na GB 16 tu. Ukifika nyumbani, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) uiagize ijiwashe yenyewe umeme unaporudi, ili mhudumu asilazimike kufungua kabati kila mara kutafuta kitufe.