Wasomaji Wauliza: Umri wa Bimkubwa, Saa 72 za Kipimo na Kadi ya Manjano (maswali na majibu ya 2022; masharti ya umri na ya korona yaliyomo yalikuwa ya mwaka huo)

Asalaam alaykum ndugu mhariri. Miye nipo Wete, Pemba. Bimkubwa wangu anaweka pesa ya Hija tangu 2017, kila msimu wa karafuu anatenga kidogo, na 2020 jina lake lilikuwa tayari kwenye kikundi cha kusafirisha mahujaji ndo ikaingia korona safari ikafa. Mwaka huu wa 2022 tumesikia Saudia wamefungua, nyumba nzima tukafurahi, halafu watu wa kikundi wanatwambia umri uwe chini ya 65. Paspoti yake inasema 1 Januari 1957 lakini hiyo tarehe aliandikiwa tu, mwenyewe hajui kazaliwa siku gani. Kuna mtu katwambia miaka inaweza kushushwa tukamfanyia pasi mpya, kweli? Miye na mama mdogo, yeye ana 58, tumo pia na tumeshachanja. Tiketi inasema Ijumaa 01:30, boti yetu ya Mkoani ni Jumanne, hicho kipimo cha korona cha saa 72 tupime lini? Na chanjo ya uti wa mgongo ndo hii hii ya korona?

Waalaykum salaam mdogo wangu. Nianze na lile zito maana najua ndilo linalokuuma. Masharti waliyotangaza Saudia mwezi wa nne mwaka huu wa 2022 ni mahujaji milioni 1 wa ndani na nje, umri chini ya 65, chanjo ya korona iliyokamilika na iwe katika zile zinazokubaliwa na Wizara ya Afya yao, na wanaotoka nje waje na kipimo hasi cha PCR, kile cha korona cha kijiti puani, kilichopimwa ndani ya saa 72 kabla ya kuondoka. Kwa pasi yake bimkubwa katimiza 65 Januari hii hii, kwa hivyo mwaka huu hamo. Naandika haya na moyo wangu mzito, kwa sababu wazee wetu wangapi Unguja na Pemba wana hiyo 1 Januari waliyowekewa na karani, lakini anaekagua kule hamjui mama yako, anaijua karatasi tu.

Huyo anaesema miaka ishushwe, tafadhali mkimbieni. Ni kughushi, na wala hakufichiki, kitambulisho chake kina tarehe ya zamani na chanjo kasajiliwa kwa tarehe ya zamani, vitagombana mbele ya afisa na mzee wa watu ndo atakaeaibika. Safari yenyewe ya ibada jamani, aianze na uongo?

Mwelezeni pia hilo sharti la umri lilikotoka, asidhani kakataliwa yeye. 2019 walihiji watu kama milioni 2 na nusu. 2020 waliachiwa kama 1,000 tu, wote wakaazi wa kule kule, na 2021 kama 60,000, nao ni wa ndani. Mwaka huu ndo wa kwanza mlango unafunguliwa kwa nje, na korona inawaelemea zaidi watu wazima, ndo wakakata kwenye umri. Sharti limetajwa kwa Hija ya mwaka huu, kwa hivyo kabla hamjaitoa pesa yake kaulizeni kikundi kama nafasi yake inaweza kusogezwa mbele, na muandikiane.

Sasa hizo saa, na hapa nisome vizuri kwa sababu watu wengi wanaanguka hapa. Ijumaa 01:30 ni saa saba na nusu ya usiku, yaani ule tunaouita sisi usiku wa Ijumaa, Alhamisi ikishatua. Alhamisi baada ya Isha muwe uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, mkija Ijumaa usiku ndege imeondoka zamani. Ukirudi nyuma saa 72 unaangukia usiku wa kuamkia Jumanne saa saba na nusu. Mtu atasema basi Jumanne asubuhi naweza kupima, lakini mkibadilisha ndege njiani na ya kwenda Jedda ikaondoka Ijumaa saa nne asubuhi, kipimo cha Jumanne saa mbili kina saa 74, kimekufa. Hesabu mpaka ndege ya mwisho na uanze pale kijiti kinapoingia puani, sio pale karatasi inapochapwa. Kwa hiyo Jumanne shukeni boti mpumzike, pimeni Jumatano asubuhi, na ulizeni mapema majibu yanatoka saa ngapi.

Karatasi ikitoka msiitie kwenye bahasha kabla ya kulinganisha jina na pasi herufi kwa herufi. Mwaka jana nilimsindikiza binamu yangu, kipimo hasi, saa zipo, kila kitu kipo, dada wa kaunta akaweka kidole juu ya jina, pasi inasema Khamis na kipimo kinasema Hamis. Tulibembeleza mpaka kaunta ikafungwa. Ndege iliondoka nae tukarudi nae nyumbani na sanduku lake.

Uti wa mgongo ni chanjo nyengine kabisa, inaitwa ACWY kwa sababu inakinga aina nne za bakteria, na ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika Saudia. Usiione ya kujaza fomu tu, mwaka 2000 mahujaji walirudi na aina ya W135 ikasambaa kwenye majumba yao nchi mbali mbali, wengine wala hawakuenda Makka.

*

Kaka mhariri, mpwa wangu yupo London anakuja harusini na mke na mtoto wa miezi 11. Wamechanja korona. Wanapitia Addis Ababa na watakaa hapo saa 14. Wataulizwa nini wakifika? Mjomba, Michenzani

Mjomba, kwa korona, masharti yaliyoanza Machi mwaka huu wa 2022 ni kuwa waliokamilisha chanjo hawaombwi PCR wala hawapimwi uwanjani, waje na vyeti tu na fomu ya afya waijaze kwa intaneti kabla hawajapanda ndege. Kitakachowakamata ni homa ya manjano. Uingereza haina, lakini Ethiopia imo kwenye orodha, na sheria yetu Tanzania inasema ukikaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi kama hiyo unadaiwa kadi ya chanjo yake. Saa 14 zimepita. Ama watafute ndege ya kuunganisha haraka ama wachanje sasa hivi, maana kadi inaanza kufanya kazi baada ya siku 10, sio siku ya sindano. Wakishachanja ni maisha, tangu Julai 2016 ile habari ya kurudia kila miaka 10 imeondoka. Mtoto hajatimiza mwaka, hadaiwi.

*

Cheti changu cha chanjo kipo kwenye simu tu, kinatosha? Msomaji, Chake Chake

Kitoe kwenye karatasi dada, nakala mbili, moja kwenye mkoba na moja kwenye sanduku, na ile alama ya kuskani isikunjwe katikati. Simu inazima chaji kwenye foleni.