Trafiki kaniandikia kosa la zebra: nilipe au nibishe?

Ndugu yangu, unasema umeandikiwa 30,000 kwa kutompisha mtembea kwa miguu kwenye zebra, na huyo mtu alikuwa bado kasimama ukingoni, simu sikioni. Kama una hakika, usikimbilie kulipa. Ukilipa umekiri, basi. Ile karatasi ni taarifa ya kosa, si hukumu. Ukikana, wa kuamua ni hakimu. Lakini usikae nayo mfukoni, maana deni lisilolipwa huongezeka, na litajitokeza siku trafiki mwingine atakapoingiza namba ya gari lako kwenye kile kimashine chake.

Leo hii rudi pale, saa ileile uliyokamatwa. Piga picha ukiwa usawa wa kiti cha dereva: michoro imefutika? Kibao kimefunikwa na tawi la mwarobaini? Kuna daladala limeegeshwa linaziba? Soma pia karatasi yenyewe: namba ya gari, mahali, saa. Kama ulikuwa na abiria, mwombe aandike alichoona kabla hajasahau.

Kisha nenda kwa mkuu wa trafiki wa wilaya, ueleze kwa utulivu. Mengine huishia hapo.

Ila jiulize kwa ukweli: yule mtembea kwa miguu alikuwa ameshakanyaga mstari mweupe, hata kwa mguu mmoja? Kama ndiyo, lipa tu kaka. Kwenda mahakamani mara mbili tatu, nauli na siku za kazi, kutakugharimu zaidi ya hiyo 30,000.