Donsol na potwe wake

Ndugu, umeuliza kama Donsol ni mji wa kitalii na kama potwe, yaani papa nyangumi, samaki mkubwa kuliko wote, huonekana kila siku. Yote mawili, hapana. Ni munisipalidad ya mashambani jimboni Sorsogon, kusini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino: ina meya na baraza lake, chini yake kuna barangay, yaani vijiji na mitaa, na watu wengi wanategemea uvuvi na mashamba.

Jina lilivuma 1998, picha za video za potwe zilipotangazwa. Mwaka huohuo serikali ikapiga marufuku kuwavua nchi nzima, na wavuvi wa pale wakafundishwa kuongoza wageni. Masharti ni makali: boti moja kwa potwe mmoja, waogeleaji wasizidi sita, marufuku kugusa, marufuku mitungi ya hewa. Na halishwi mtu, namaanisha potwe! Kule Oslob, kisiwani Cebu, Ufilipino hiyohiyo, tangu 2011 wanarushiwa uduvi ili wasiondoke. Picha utapata, ila mimi sipendi samaki wa porini afugwe kwa ujanja.

Kwa hiyo Donsol unabahatisha. Msimu ni Novemba hadi Juni, wengi zaidi Februari mpaka Aprili, na kuna miaka wanakuja wachache. Ukiwa Dar, kwa nini usianzie Mafia? Samaki ni yuleyule, Oktoba hadi Machi, pale Kilindoni.

Ukiamua kwenda, shukia uwanja wa ndege wa Daraga karibu na Legazpi, kisha gari. Usiku panda boti mtoni ukaone vimulimuli.