Kabla hajameza kidonge cha kwanza cha endometriosisi

Muuguzi anayemkabidhi mgonjwa pakiti ya dienojesti, vidonge vya homoni vya kutuliza endometriosisi (tishu kama ya ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake), bila kumtajia damu ya matone asishangae pakiti ikiishia kabatini. Mwanamke alitarajia hedhi ikome. Wiki ya tatu pedi imechafuka tena, naye anaamua kwamba dawa imeshindwa. Aambiwe mapema: miezi mitatu ya mwanzo damu huja ovyoovyo, kisha kwa wengi hupungua. Aandike kila jioni kama ametoka damu, na maumivu kwa alama 0 hadi 10. Alama zikishuka dawa inafanya kazi, hata kama matone bado yapo. Lakini damu ikilowesha pedi kila saa, arudi siku hiyohiyo.

Kipimo ni miligramu 2, kidonge kimoja kila siku, saa ileile, pakiti moja ikifuata nyingine bila kupumzika. Akitapika ndani ya saa 3 au 4, ameze kingine. Akisahau, ameze kimoja anapokumbuka, kesho arudi kwenye saa yake. Asiihesabu kuwa kinga ya mimba. Kondomu ibaki palepale. Dawa hutuliza ugonjwa, haiung'oi, kwa hiyo neno "kupona" tulichunge.

Kama anapewa vidonge vyenye estrojeni, homoni ya kike, uliza kwanza: damu imewahi kuganda mguuni au kwenye mapafu? Kipandauso kinachotanguliwa na mimweko machoni? Presha? Anavuta sigara na amefika miaka 35? Uliza pia kuhusu rifampisini (dawa ya kifua kikuu) na kabamazepini (dawa ya kifafa), maana huzipunguza homoni mwilini.

Goserelini ya miligramu 3.6, sindano ya kuzima homoni za ovari, ina mambo yake. Huchomwa chini ya ngozi ya tumbo, chini ya kitovu, kila baada ya siku 28. Usijaribu kutoa hewa kwenye bomba kama ulivyozoea: ndani hamna maji, mna kipande kigumu, na utakisukuma nje. Wiki moja au mbili za kwanza maumivu yanaweza kuzidi, kwa sababu ovari huchochewa kabla ya kuzimwa. Baadaye huja joto la ghafla, ukavu ukeni, na mifupa kupungua uimara. Ndiyo maana huongezewa homoni kidogo. Atauliza, na ana haki: mbona mnanirudishia mlichokizuia? Mjibu kwamba kiasi hicho kinatosha kulinda mifupa, ila ni kidogo mno kuuamsha ugonjwa.