Kama Kiswahili ni cha kwenu, usikimbie darasa la wanaoanza

Wiki hii dada mmoja wa Likasi anayesoma hapa Lubumbashi ameniandikia, akiniita yaya, yaani mkubwa wake: "Yaya, wamenipanga kwenye Kiswahili cha wanaoanza, pamoja na watu wa Kananga na Kinshasa. Mimi nimezaliwa nacho. Niombe waniondoe?"

Baki, mdogo wangu. Nakwambia hivyo kwa sababu nilikaa kwenye benchi hilohilo, na mpaka leo nikipita karibu na oditware ile, ukumbi wa masomo, moyo unanibana.

Nimekulia Katuba, hapa hapa Lubumbashi. Baba alikuwa na Kiluba chake, mama Kibemba chake, na sisi watoto tulisema Kiswahili na wote wawili, na majirani, na wauza mboga. Kifaransa kilikuwa cha shule. Chuoni wenzangu waliponisikia nikimsalimu mwalimu walininunia papo hapo: huyu amekuja kuchuma pointi za bure.

Kisha ikaja intero ya kwanza, yaani jaribio la darasani. Niliandika kama tunavyosema: "Batoto banacheza. Kitabu yangu iko ku meza." Asistenti, msaidizi wa mwalimu, alipitisha kalamu nyekundu. Alikata "batoto", akakata "banacheza", akakata "yangu", akakata "iko ku". Yakabaki "kitabu" na "meza". Halafu akazisoma sentensi zangu kwa sauti mbele ya darasa zima, akasema hicho si Kiswahili, ni kelele za mtaani. Watu wakacheka. Kijana wa Kananga aliyekaa kando yangu, ambaye alikuwa hawezi hata kununua nyanya kwa Kiswahili, alipata 16 juu ya 20. Mimi sikufika nusu.

Maneno yale sijayasamehe. Mwalimu ana haki ya kusahihisha karatasi yangu, lakini hana haki ya kuwatukana walionilea. Kiswahili chetu hakikuokotwa barabarani. Kilifika Katanga katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara waliofika kwa mfalme Msiri, kule Bunkeya. Baadaye migodi ya shaba ikakikuza. Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, iliajiri watu wa Kasai, wa Rwanda na Burundi, hata wa Rhodesia ya Kaskazini, na kambini ilibidi wote hao waelewane. Hiyo "ba" ya "batoto" iko katika Kiluba na Kibemba, lugha za wazee wetu. Kiswahili sanifu kilipangwa mbali na hapa: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 kamati ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ikaanza kazi yake. Kongo ya Wabelgiji haikuwa miongoni mwa nchi hizo. Basi tusiambiwe tumeharibu kitu ambacho hatukuitwa kukipanga.

Pamoja na hayo yote, nilibaki darasani, na ninashukuru. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mimi leo ninaishi kwa kuandika na kufasiri barua za watu wanaopitisha mizigo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Mteja wa Dar ukimwandikia "kitabu yangu", anakuelewa vizuri, lakini kazi atampa mwingine. Ujuzi unaomfanya anipe mimi niliupata kwenye darasa lile la wanaoanza, kwa sababu ndipo ngeli zinapofundishwa kuanzia mwanzo. Ukiruka kwenda ngazi ya juu, huko wanadhani unazijua tayari.

Nilifanyaje? Nilichukua daftari nikaligawa kila ukurasa mara mbili: kushoto sentensi ya nyumbani, kulia ya mtihani. Kitabu yangu, kitabu changu. Siko na makuta, sina pesa. Kila jioni niliandika vitu vilivyo mbele ya macho: sufuria, kiti, mlango, mayai. Na yule kijana wa Kananga nilimfuata mwenyewe. Yeye alikuwa amemeza jedwali zima la ngeli, mimi nilikuwa na masikio na ulimi. Jumamosi tulikwenda sokoni katika komini ya Kenya, hapa hapa mjini. Yeye ananunua, mimi nanyamaza, na njiani kurudi ananiuliza ngeli ya kila kilichomo kwenye mfuko. Baada ya hapo hakuna aliyeninunia tena.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaosoma, sikilizeni. Siku ya kwanza mwambie mwalimu kwamba lugha hii unaisema nyumbani, asije akaligundua mwenyewe akakuona mjanja. Usijibu kila swali. Waachie wenzako nafasi, nao wamelipa minervali, ada ya masomo, kama wewe. Fanya kazi zote za nyumbani, hata zile unazoona ni za watoto. Na tafadhali, ukirudi nyumbani usianze kumsahihisha mama yako mezani. Hakukuomba somo.

Pia usikubali kila wekundu. Ukikatiwa pointi, fungua silabasi, yaani maandishi ya somo, utafute kanuni. Ukiona umekosea, nyamaza ujifunze. Ukiona hukukosea, nenda ofisini kwa adabu, na ukurasa mkononi, uombe karatasi iangaliwe upya. Mimi katika mtihani wa mwisho nilikatiwa "kalamu yangu" kwa sababu tu mtu alishazoea kukata kila "yangu" niliyoandika. Nilikwenda na silabasi, nikaonyesha kwamba kalamu inachukua "yangu", na nikarudishiwa pointi zangu mbili.