Mpira wa brida kwenye Isuzu NQR: niuelekeze chini, niuzibe au niuache?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Isuzu NQR injini 4HK1, napiga saruji toka Dar kwenda Makambako na kurudi na mbao za Mafinga. Wiki iliyopita tumefungua mpira wa intakula (kile kipoza upepo unaotoka kwenye tabo) tukakuta oili imetuama ndani, na oili kwenye dipstiki inapungua kidogo kidogo japo moshi sio wa kutisha. Fundi mmoja kaniambia nichomoe ule mpira wa brida, wa injini kupumulia, unaotoka juu kwenye kava ya tapeti kwenda kwenye bomba la eya klina, niufunge kwenye chesisi uangalie chini. Mwingine kasema niuzibe kabisa na bolti, mambo yaishe. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo wa bolti usimsikilize hata kidogo, na kama ameshaweka hiyo bolti nenda kaitoe sasa hivi ndo urudi kusoma. Huyo wa kuuelekeza chini hajakosea sana ila kuna vitu hajakwambia na ndivyo vinavyoua injini, kwa hiyo ngoja nikueleze taratibu.

Injini ya dizeli inabana upepo kwa nguvu sana, na hata ringi zikiwa mpya kabisa kuna upepo kidogo unapenya pembeni ya pistoni na kushuka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Hiyo ni kawaida, hakuna injini isiyofanya hivyo. Huo upepo unakutana na oili inayorushwa na krenki, unakuwa mvuke wa oili, na lazima upate pa kutokea. Brida ndo pua ya injini. Kwenye 4HK1 yako mvuke unapanda mpaka kwenye kava ya tapeti, unapita kwenye vibati vya kuchuja oili, halafu mpira unaurudisha kwenye bomba la upepo kabla ya tabo, ile feni inayosukumia injini upepo, ili uvutwe ukachomwe. Sasa vile vibati havichuji kila kitu, oili kidogo inapita, inalowanisha feni ya tabo, inaingia intakula na kutuama chini, na kule mbele ikikutana na masizi yanayorudishwa na EGR (mfumo wa kurudisha sehemu ya moshi kwenye injini) inakuwa tope jeusi kwenye menifoldi, yale mabomba ya kugawia silinda upepo. Ukikuta utando tu wa oili, ukipitisha kidole kinang'aa, hiyo usiogope. Ukiinamisha mpira ikamwagika ya kujaza kikombe, hapo kuna jambo.

Kabla hujakata mpira wowote, hakikisha kwanza oili inatoka brida kweli. Watu wengi wanarukia hapo kumbe tabo ndo inavuja. Fungua bomba linalotoka eya klina kwenda kwenye mdomo wa tabo, uangalie na tochi. Kama kuanzia pale mpira wa brida unapoingilia mpaka kwenye mdomo wa tabo kumelowa oili, basi brida inaleta. Kama kabla ya tabo pamekauka, pana vumbi vumbi tu, halafu baada ya tabo pamelowa chapachapa, hiyo oili inatoka ndani ya tabo yenyewe, hata ukielekeza brida mpaka Kibaha haitasaidia.

Na hata ukigundua ni tabo usikimbilie kununua nyingine. Oili inayolainisha tabo inarudi kwenye sampo kwa kushuka yenyewe tu, hakuna pampu inayoivuta. Sampo ikijaa presha kwa sababu brida imebanwa, ile oili inakosa pa kushukia, inajaa kwenye tabo na kutafuta njia kwenye sili, nyingine inaingia upande wa upepo, nyingine upande wa moshi. Ndo maana nakataza bolti kwa ukali hivi. Niliwahi kuletewa lori lililobadilishwa tabo mara 2 ndani ya miezi 4, mwenye gari ameshakata tamaa anataka kuuza kwa hasara. Tabo zote 2 zilikuwa nzima kabisa. Brida ilikuwa imeshaelekezwa chini na fundi wa huko nyuma, gari ikapaki masika yote, manyigu wakajenga udongo ndani ya mpira, wamekandika vizuri kama ukuta. Nilipougonga udongo ukatoka mgumu mzima mzima, umefuata umbo la mpira. Tukasafisha, tukarudisha ile tabo ya kwanza, na haikuvuja tena. Jamaa alishalipa hela ya tabo bure, na oili sili ya nyuma ya krenki nayo ilikuwa imeshasukumwa ikabidi tushushe giaboksi.

Basi tuseme yako ni brida kweli. Cheki kwanza vitu vya bei rahisi. Eya klina ikiziba, tabo inavuta kwa nguvu mpaka inafyonza oili kupitia brida, na kwa njia zetu za vumbi hii ndo sababu ninayoikuta kila wiki. Halafu kipimo cha oili, kuna madereva wanapenda ipite alama ya juu wakidhani ndo kuipenda gari, kumbe krenki inaipiga oili inatoka povu na kwenda zake kwenye brida. Na kama gari yako inatumia breki za upepo, usisahau kompresa. Kompresa iliyochoka ringi inasukuma upepo kwenye sampo na mafundi wanasingizia injini. Washa gari, angalia brida inavyopuliza wakati mtungi unajaa, subiri ujae kompresa ikate, angalia tena. Ikitulia ghafla, mgonjwa ni kompresa.

Baada ya hapo pima injini yenyewe inapumua kiasi gani. Ile ya kulegeza mfuniko wa oili ukauweka juu juu kuona kama unarushwa nayo inasaidia, lakini inategemea jicho la mtu. Mimi natumia mpira mweupe ule wa mafundi uashi wa kupimia leveli ya maji. Natafuta mfuniko wa oili wa zamani, natoboa, nachomelea kinipo (kibomba kifupi), naunga mpira, naukunja umbo la U urefu wa mita 1 kila upande, natia maji katikati. Brida inabaki imeungwa kama kawaida. Injini ikishapata moto napandisha resi na kuangalia maji yamepishana sentimita ngapi, sentimita 10 ni kama kilopaskali 1. Usipimie kwenye tundu la dipstiki kwa sababu kwenye injini nyingine lile bomba limezama kwenye oili, utapata jibu la uongo. Na mpira uwe mrefu kweli, maana brida ikiwa bado imeungwa kwenye eya klina kuna wakati sampo inavutwa badala ya kusukumwa, maji yakapanda kuelekea kwenye injini. Linganisha na kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini yako, halafu andika namba kwenye daftari na urudie kila unapomwaga oili. Ikianza kupanda mwezi hadi mwezi, ringi zinaaga. Hiyo namba ya gereji ni ndogo kuliko ya barabarani, kwa sababu injini inapuliza zaidi ikiwa na mzigo, na wewe unapanda mlima Kitonga na saruji.

Ringi zikiwa zimeisha, kuhamisha brida ni kuficha ugonjwa. Intakula itakauka, utafurahi, na oili itaendelea kupungua vilevile ila sasa unaimwaga barabarani. Hapo panga hela ya ovahoo, kufumua injini na kuijenga upya.

Ringi zikiwa nzima, ushauri wangu kwa gari ya kazi kama yako ni kuweka kopo la kunasia oili katikati, mvuke uingie kwenye kopo, oili ibaki, upepo uendelee kurudi kwenye eya klina kama kiwanda kilivyopanga. Kopo la lita 1 hadi 2 linatosha, mchomeleaji mzuri anakutengenezea, lakini ndani liwe na vibati na wavu wa chuma kisichoshika kutu, kwa sababu kopo tupu halinasi kitu, mvuke unaingia huku unatokea kule. Tafadhali sana usijaze stilwaya ya kusugulia sufuria. Ile inakatika vipande, na vipande vinavutwa moja kwa moja kwenye feni ya tabo. Chini weka koki ya kumwagia, mwambie utingo afungue kila wiki. Ukiamkia sehemu za baridi kama Makambako mwezi wa 7 utakuta kitu kama maziwa ya kahawia, usishtuke, ni maji ya mvuke yamechanganyika na oili, mwaga kwenye dumu la oili chafu. Usiirudishe kwenye injini.

Ukiamua kuelekeza chini kabisa, mahali pa kuua injini ni pale ulipochomoa mpira kwenye bomba la eya klina. Lile tundu lipo baada ya filta. Ukiliacha wazi, au ukaziba na kitambaa au kipande cha mti, vumbi la barabara ya changarawe linaingia bila kuchujwa. Tabo italika meno na ringi zitasagika, na hapo utakuwa umenunua ovahoo kwa mikono yako. Chongesha kizibo cha alumini kwa fundi wa leth, kiingie kwa kubana, weka klampu juu yake. Kofia ya mpira pekee hapana, oili inailainisha halafu siku moja inavutwa ndani.

Mpira wenyewe usiwe wa maji ya rejeta. Kwenye oili ule unavimba na kulainika, ukilainika unajikunja, ukijikunja umeziba. Nunua mpira wa oili, tundu lake lisiwe dogo kuliko la ule wa kiwandani hata kidogo. Ushuke moja kwa moja, usiuache ufanye tumbo mahali, maana pale kwenye tumbo maji na oili yatatuama na kuwa kizibo. NQR kabini imekaa juu ya injini, kwa hiyo usiuishie hapo chini ya kiti, mvuke utapanda kupitia kwenye gia leva na mtauvuta njia nzima. Upitishe mpaka nyuma ya giaboksi, mbali na bomba la moshi na tabo kwa sababu tone la oili kwenye chuma chekundu ni moto, na usidondokee mipira ya breki wala tairi. Mwisho wake ukate mshazari, mdomo uangalie nyuma, halafu sentimita kama 30 juu ya mwisho toboa upenyo mdogo upande wa nyuma, tope likiziba chini au manyigu wakijenga injini bado itapumua hapo juu. Ukivuka maji mengi usizime gari katikati, injini ikipoa inavuta, na itavuta kile kilichopo mdomoni mwa mpira.

Kwa wenye gari mpya zaidi, angalieni kama injini ina sensa ya presha ya sampo au filta yake ya brida. Hizo zikichezewa zinawasha taa, na mara nyingi dawa ni kubadili filta tu. Kwa wenzetu Marekani, malori mapya yenye tabo tangu modeli za 2007 mvuke wa brida unahesabiwa pamoja na moshi wa gari, huwezi tu kuutoa nje. Huku hatubanwi hivyo, ila ule mvuke tunauvuta sisi na watoto wanaouza mahindi barabarani, na hiyo ndo sababu nyingine napenda kopo kuliko kuachia nje.

La mwisho na la haraka: usiendeshe tena kabla hujashusha intakula na kuimwaga. Iinamishe, isafishe na dizeli kidogo, iache ikauke kabisa mpaka hakuna hata tone la dizeli ndani, ndo uirudishe. Oili iliyotuama pale, ukikanyaga mafuta kwa nguvu na mzigo inaweza kunyonywa yote kwa mpigo, na injini ya dizeli inawaka kwa oili kama inavyowaka kwa dizeli. Resi itapanda yenyewe, utazima swichi haitazimika. Ikikutokea weka gia ya juu, kanyaga breki mpaka mwisho, achia klachi iizime kwa nguvu. Mipira ya intakula nayo ibonyeze kwa mkono, ukiona imelainika kama ulimi badili na klampu zake.

Nitumie picha ya ndani ya lile bomba kabla ya tabo ukishalifungua, na hiyo namba ya maji kwenye mpira, nikuangalizie.