Ukiendesha gari pwani nje ya msimu, panga siku kwa jua na maji

Ninapoulizwa wakati mzuri wa kuzunguka pwani ya mashambani kwa gari, jibu langu ni lile lile: nenda watalii wakishaondoka. Barabara hubaki za wenyeji, bahari huonyesha nguvu zake zote, na mwenye nyumba ya wageni hupata nafasi ya kuketi na kukueleza njia. Ila safari ya namna hii haipangwi kwa kilomita. Hupangwa kwa saa za mwanga na kwa maji kujaa na kupwa, na anayelipuuza hilo hujikuta gizani kwenye barabara asiyoijua.

Chukua kaskazini mwa Uskoti, ninakopapenda sana. Njia ya kuzunguka iitwayo North Coast 500 ina urefu wa takriban kilomita 830, na wengi huigawa tu kwa siku walizonazo. Katikati ya Desemba, kwenye mji wa Thurso, jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Mpango uliofaa mwezi wa Juni hauna maana hapo. Mimi huweka kilomita 120 kwa siku, 150 zikizidi sana, na nataka gari liwe limezimwa jua likiwa bado linaonekana. Jioni za baridi kulungu hushuka kutoka milimani kutafuta malisho na husimama barabarani. Isitoshe, jua la majira hayo hukaa chini mchana kutwa. Likimulika lami iliyolowa, huoni kilicho mbele yako. Miwani ya jua mwezi wa Desemba ni kifaa cha usalama, na kioo cha mbele kifutwe hata kwa ndani.

Sehemu nyingi za barabara hizo hupitisha gari moja tu, na kando yake kuna vipenyo vya kupishania. Kipenyo kikiwa kushoto kwako, ingia. Kikiwa kulia, simama mkabala nacho umwache mwenzako akitumie. Anayepanda mlima mpishe kila unapoweza. Na usiegeshe humo ili upige picha, hata kama hujaona gari muda mrefu. Nje ya msimu, anayekuja nyuma yako huenda akawa muuguzi au dereva wa basi la shule, na hana njia nyingine.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wasafiri wa bara wanapojiamini kupita kiasi. Kati ya maji kujaa na kupwa hupita saa sita na dakika chache, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Ufuo ulioupita mkavu leo saa nne unaweza kuwa umefunikwa saa hiyo hiyo baada ya siku chache. Mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hupanda juu zaidi na kutoka mbali zaidi. Jedwali la maji la eneo unalokwenda lipatikane kabla ya kuondoka, kisha ujue kwamba jedwali halihesabu hali ya hewa. Kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ikishuka kwa kipimo cha milibari moja, usawa wa bahari hupanda takriban sentimita moja. Dhoruba ikileta na upepo wa kuvuma kuelekea nchi kavu, maji yatapita alama iliyoandikwa, na pengine yatawahi.

Kuna mahali ambapo jambo hili linaihusu barabara yenyewe. Kisiwa cha Lindisfarne, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, kinaunganishwa na bara kwa barabara inayofunikwa na bahari mara mbili kwa siku. Saa salama za kuvuka hutangazwa, na katikati ya njia pana kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo kwa ajili ya waliozingirwa. Ninapotembea kwa miguu kwenye fuo zilizobanwa na magenge ya miamba, kanuni yangu ni kuingia maji yakiwa bado yanatoka na kugeuka kabla hayajaanza kurudi. Walinzi wa ufukweni huwa wameshaondoka na msimu, kwa hiyo hakuna wa kukupigia filimbi.

Mawimbi nayo yana tabia yake. Kwenye pwani ya Oregon, Marekani, wakati wa baridi, bahari inaweza kutulia kwa dakika nyingi kisha wimbi moja likapanda ufuo mzima. Pwani hiyo imejaa magogo makubwa yaliyoletwa na maji. Ukiyatazama yamelala mchangani unaona hayawezi kusogezwa, kumbe maji yasiyofika hata magotini yanatosha kuyanyanyua na kumbamiza mtu. Usiyapande na usiyakalie karibu na maji, na usiipe bahari mgongo. Tazama ukiwa juu, palipo imara. Huko juu utapata cha kutazama: mwisho wa Desemba na mwanzo wa Januari nyangumi wa kijivu hupita pwani hiyo wakielekea kusini, na pumzi zao huonekana toka nchi kavu.

Mvua inapoloweka miteremko, barabara za pwani hukatika, na si kwa saa chache. Kwenye Barabara Namba 1 ya California, eneo la Big Sur, mlima uliporomoka mahali paitwapo Mud Creek Mei 2017, na barabara haikufunguliwa mpaka Julai 2018. Kwa hiyo taarifa za barabara zisome kila asubuhi, na ujue mapema ni wapi unaweza kukatiza kuelekea bara. Ramani pakua kwenye simu kabla, maana mtandao hupotea penye mabonde.

Upepo wengi huusahau mpaka wafungue mlango. Egesha pua ya gari ikiuelekea upepo. Ukitokea nyuma unaweza kukupokonya mlango na kukunja bawaba zake. Mwanya kati ya vilima viwili, au mwanzo wa daraja, shika usukani kwa mikono miwili na upunguze mwendo kabla hujafika.

Malazi yapigie simu. Tovuti huonyesha pamefunguliwa hali mwenyewe amesafiri, na mara nyingine huonyesha pamefungwa wakati chumba kipo na anafurahi kukipangisha. Uliza pia jiko linafungwa saa ngapi, na hata hivyo beba chakula cha siku nzima. Mafuta jaza tangi likifika nusu, na ujaze palepale kijijini. Duka linalobaki wazi miezi hiyo linategemea wachache wanaopita, na likifungwa, wazee wa hapo ndio watakaosafiri mbali kununua mkate. Mimi hununua hapo hata nisichokihitaji sana. Nadhani ni haki yao kwetu tunaokuja kufurahia pwani yao.

Mwisho, acha usiku mmoja usiopangiwa kitu. Wengi huuweka siku ya mwisho, ambapo hauna msaada wowote. Uweke katikati ya safari, ukiwa mbali kabisa na nyumbani, kwenye kijiji chenye duka na nyumba ya wageni iliyo wazi. Dhoruba ikitangazwa, unaongeza usiku hapo na kuiacha ipite. Isipokuja, una siku nzima ya kutembea kwa miguu.